Jina Lililomnyamazisha Alta

Maharagwe yakichemka kwa sukari na mdalasini, mimi hutoka jikoni. Watu wa nyumbani kwangu hucheka, ati nimelelewa wapi hata niogope sufuria? Wacha niwaambie ninyi, ingawa mtaniona mjinga.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Kitale, mama akifundisha shule ya msingi, na mwaka huo tulimpangishia chumba cha nyuma mwalimu wa kujitolea aliyeitwa Alta, kutoka Jamhuri ya Dominika, nchi ya kisiwani huko Karibi. Ndiye aliyepika maharagwe kwa sukari. Sukari, jamani! Nilikula hadi nikalamba mwiko.

Alta alikuwa mweusi kuliko mama. Lakini alituonyesha kitambulisho cha kwao, na penye rangi ya mtu walimwandika Mhindi. "Kwetu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "mweusi ni mtu wa nchi jirani. Sisi, hapana." Nyanya yake alianza kumtia dawa ya kunyoosha nywele akiwa na miaka minne, asije akafanana na hao majirani. Mhindi niliyemjua mimi ni yule wa duka la vitambaa, basi nikacheka mpaka mama akanifinya.

Sokoni mambo yaligeuka. Akina mama wa mboga walimsemesha Kibukusu, lugha yetu, na asipojibu wakanuna. "Si huyu ni wa kwetu bana, anaringa nini?" Wakiambiwa ametoka ng'ambo, wanamwita mzungu. Alta alicheka nao, kisha akaja kulilia chumbani. Kila alasiri nilimpelekea chai. Akiniona aliniita, "Nabalayo," polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni.

Desemba tukampeleka kijijini Bokoli kwa kukhu, nyanya yangu. Tulifika saa sita, jua la utosi. Kukhu alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, kwa hiyo alimpapasa Alta uso mzima, paji, mashavu, masikio. Kisha akauliza, "Huyu ni wa nani?"

 Swali hilo Alta alilielewa, maana sokoni alilisikia kila siku. Akaangua kilio, akalia mpaka kikombe cha maji kikamponyoka mkononi.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humwitia majina ya marehemu, moja moja. Jina atakalonyamazia ndilo lake, na marehemu mwenye jina hilo amerudi kupitia kwake. Kukhu alikishika kichwa cha yule mwanamke mzima, akaanza.

"Nasambu." Akalia. "Namalwa." Akalia. "Nakhumicha." Kuku waliokuwa wakichakura uani walikuwa wamesimama wote, na hakuna aliyewafukuza. 

"Nabalayo."

Kimya.

Jamani, lile lilikuwa jina langu! Mimi nililinyamazia nikiwa na siku tatu, mikononi mwa kukhu huyohuyo. Lilikuwa la dada yake, aliyekwenda mtoni kuteka maji akiwa msichana na hakuonekana tena. Hana hata kaburi. Alta aliinua uso uliolowa, macho yakazunguka ua mzima, yakaja yakatua juu yangu. Akanyoosha mkono. "Nabalayo," akaniita.

Ndani yake nilimwona yule msichana wa mtoni amekuja kuchukua jina lake. Nilikimbilia nyuma ya ghala la mahindi, nikasimama pale juani, nikilitamka jina langu nisikie kama bado ni langu.

"Amefika," kukhu alisema. "Mchinjieni kuku."

Watu walifurahi, Alta akawa wa boma. Mimi sikumpelekea chai tena. Siku ya kuondoka kwake alipika maharagwe yale, akaiweka sufuria mlangoni mwa chumba changu, akaita mara tatu, "Nabalayo!" Nilikuwa chini ya kitanda, nimeziba mdomo kwa viganja. Harufu ya mdalasini ilikaa humo siku nyingi.

Miaka mingi baadaye nami nikawa mgeni, katika mji ambao hakuna aliyeweza kulitamka jina langu. Siku moja dukani mtu wa kwetu, mgeni kama mimi, aliita, "Nabalayo!" akimwita binti yake. Niligeuka kabla sijajijua, machozi yananitoka.

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona aibu sana. Katika majina yote aliyoitiwa siku ile, Alta alikuwa analijua moja tu, la mtoto wa chai. Alinyamaza ili anitafute mimi. Na mimi nilikuwa nyuma ya ghala.