Mkanda Ulioshushwa Darini

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa watu wawili Moshi mjini tuliojipa kazi ya kuokoa mikanda ya video. Hakuna aliyetutuma. Mwenzangu alikuwa mpiga picha wa harusi. Alipata kamera yake siku zile biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kujaa madukani, na kuanzia hapo ni ndafu chache sana, wale mbuzi wazima wa kuchomwa, zilizokatwa kati ya Kwa Sadala na Mkuu bila yeye kuwapo. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani ya kahawa hadi nilipopunguzwa kazini. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu, ukurasa baada ya ukurasa. Sikuruka sura yoyote, hata ile inayoeleza namna ya kuchomeka waya ukutani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu analeta mkanda, tunaucheza kwenye deki, deki inaunganishwa na kompyuta, na kompyuta inanakili kila inachopokea kwenye sidii. Mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu. Watu hawakuamini hilo. Walidhani tungeumimina kama maziwa kutoka ndoo moja kwenda nyingine. Chumba tulipewa na mama mmoja mwenye duka la madaftari karibu na hospitali ya Mawenzi, kwa sharti kwamba tuanze na harusi ya dada yake.

Katika wiki ya kwanza niligundua jambo ambalo kitabu changu hakikulitaja. Mikanda iliyoshuka kutoka milimani ilinuka moshi. Si harufu kidogo. Mwenye duka alidhani tunachoma nyama. Nikauliza, nikaambiwa bila aibu. Kule juu kitu unachotaka kidumu hukiweka darini, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Mahindi hayaliwi na wadudu kwa sababu ya moshi. Kwa hiyo mkanda wa harusi, ambao nao ni wa kudumu, ulipandishwa darini ukalala juu ya mahindi, na kila siku ukafukizwa kwa kuni za mbuni.

Mimi ni mtu wa kanuni. Niliandika tatu, nikazibandika mlangoni. Ya kwanza: hatukati wala kuongeza kitu kwenye mkanda wa mtu. Ya pili: kila mmoja atahudumiwa kwa zamu yake, na hadi zamu ifike mkanda atakaa nao mwenyewe. Ya tatu: mkanda usiwekwe penye moshi, uwekwe ndani ya sanduku linalofungika vizuri. Tangu hapo mpiga picha akaniita Katibu.

Mwezi wa pili akaja bibi mmoja kutoka upande wa Rombo, juu ya Mkuu, na mkanda ndani ya khanga. Ulikuwa mweusi kwa masizi kama chungu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu ni mume wangu.”

Mpiga picha akautazama mkanda, kisha akamtazama bibi.

“Yumo humu ndani,” bibi akasema. “Harusi ya binti yetu wa kwanza. Alisimama akahutubia. Ni hapo tu ilipopatikana sauti yake. Alikuwa hapendi hivi vitu, na mwaka uliofuata akafariki. Desemba wajukuu wanapanda kutoka Dar na huko kwingine. Hawajawahi kumsikia babu yao.”

Nilimwandika kwenye daftari. Zamu yake ilikuwa ya arobaini na tatu.

“Katibu,” mpiga picha akaninong’oneza, “huyu bibi amepanda magari mawili. Mpitishe.”

“Foleni ni foleni.”

“Arobaini na mbili wa mbele yake ni watu wanaotaka kujiona wakila keki.”

“Foleni ni foleni.”

Nikamgeukia bibi, nikamsomea kanuni ya tatu. Nikamweleza, kwa utulivu na kwa mifano, jinsi moshi unavyoua mkanda. Alinisikiliza kama mtu anayepewa dawa hospitali.

“Nina sanduku la bati,” akasema.

“Zuri sana.”

“Nifunge na kufuli?”

“Funga.”

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito, na yalipokwisha yakafuatwa na baridi ile ya Juni na Julai ambapo kule juu nguo huanikwa siku tatu na kuanuliwa mbichi. Zamu ya arobaini na tatu ilifika mwezi wa nane. Bibi akaja amevaa sweta mbili. Mkanda ulikuwa safi. Alikuwa ameufuta masizi yote, ameufunga kwenye karatasi, karatasi kwenye mfuko, mfuko kwenye kitambaa. Nilifungua kifuniko chake cha mbele, nikaona unyoya mweupe. Ukungu ulikuwa umeota kwenye mkanda kama unavyoota kwenye mkate.

Mpiga picha alichungulia juu ya bega langu.

“Nimefanya ulivyosema,” bibi akasema. “Moshi haujaugusa.”

Nilimweleza. Ili kumweleza ilibidi nimwambie kwamba darini, kwenye joto na ukavu, ungebaki mchafu lakini mzima. Na kwamba sanduku langu lililofungwa vizuri lilikuwa limefungia unyevu ndani. Nilisema yote hayo kwa mpangilio. Angenitukana ingekuwa afadhali. Alisema tu, “Basi,” akauacha mkanda mezani, akakunja kitambaa chake akaondoka nacho.

“Sasa,” mpiga picha akasema, “huyo unampelekea isale.”

Kwa asiyejua: isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo. Mchagga aliyekosa akija na jani la isale lililofungwa fundo, aliyekosewa hana njia ya kumkataa. Mimi nilizaliwa huko huko, lakini nilikuwa sijawahi kulihitaji, kwa kuwa nilikuwa sikosei. Siku tuliyopanda Rombo nilichuma jani kwenye ua wa kwanza niliouona kando ya njia. Mzee akatoka ndani akiuliza kwa nini nang’oa mpaka wake mbele ya jirani yake. Ilinichukua nusu saa kumweleza, na nadhani kama jani lile lisingekuwa tayari mkononi mwangu ningehitaji la pili kwa ajili yake. Mpiga picha alikuwa amekaa kwenye jiwe akicheka mpaka anashika mbavu.

Bibi alilipokea jani. Alilishika kwa mikono miwili, akaniangalia.

“Nimekusamehe. Mila ni mila. Lakini jani haliongei, mwanangu. Desemba wajukuu wanapanda.”

“Nitajaribu, bibi.”

“Na huyu ni nani?”

“Ni mwenzangu. Mpiga picha.”

Bibi akamkazia macho. “Mume wangu nusura ampige mpiga picha siku ile ya harusi. Alimkanyagia magimbi yake.”

“Alikuwa mwingine huyo, bibi,” mpiga picha akasema haraka. “Siku zile tulikuwa wengi.”

Tulirudi mjini tukaanza kazi. Tulifungua skrubu tano za mkanda, tukauvuta nje, tukaufuta kwa pamba yenye spiriti, kipande cha urefu wa mkono, kisha kingine. Mkanda wa video ni mrefu kuliko mtu anavyodhani. Nilitaka tuanze kushoto kwenda kulia. Mpiga picha alisema ukungu haujui kushoto. Tulibishana hivyo hadi mwezi wa kumi. Baada ya kila kipande deki ilichafuka, nayo ikabidi isafishwe. Mwenye duka akatuuliza kama huyo bibi ni mama yangu mzazi.

Mwisho tukaucheza wote. Kanisa lilionekana kwa vipande. Keki ilionekana. Hotuba haikuwapo. Baba wa bibi harusi alisimama, akashika karatasi, akafungua mdomo, kisha skrini ikajaa theluji na sauti ikawa ya mvua kwenye bati. Ilipokatika alikuwa ameshakaa na watu wanapiga makofi.

Nilirudisha mara nyingi. Mvua ile ile.

Halafu, mbele zaidi, baada ya ndafu, picha ikatulia kabisa. Kamera ilikuwa ndani ya kihamba, ikitafuta maharusi kati ya migomba. Ikatokea sauti ya mwanamume, karibu, safi kama yuko chumbani:

“Wewe! Wewe mwenye mashine! Toka kwenye magimbi yangu!”

Na nyingine, karibu zaidi, sauti niliyokuwa naisikia kila siku mezani kwangu: “Samahani mzee, natafuta mwanga.”

“Mwanga uko magimbini? Ng’ombe wangu ana adabu kuliko wewe! Toka! Na huo mguu wa pili nao uutoe!”

Mpiga picha akanyoosha mkono akazima deki.

“Katibu, hapo tukate.”

“Kanuni ya kwanza,” nikasema.

Desemba tulipanda na sidii tatu, nakala tatu za mkanda ule ule. Nilikuwa nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu kilichopotea na sababu zake, na sababu ya kwanza ilikuwa mimi. Nyumba ilijaa, wajukuu walikaa chini mbele ya televisheni, mmoja wa Dar akiwa na glasi ya mbege, pombe ya ndizi, aliyokuwa anaiogopa. Nilisimama nikasoma maelezo yangu. Bibi alisikiliza mpaka niliposema hotuba haipo. Akainamisha kichwa. Kisha akasema, “Weka hivyo hivyo.”

Ilipofika mvua ya bati, hakuna aliyesogea. Nilitaka kuzima. Ikaja ndafu, ikaja migomba.

“Wewe! Wewe mwenye mashine!”

Bibi aliweka kiganja mdomoni. Wajukuu wakageuka wote wakamtazama mpiga picha, aliyekuwa anaangalia dari.

“Ndiye wewe!” bibi akapiga kelele. “Nilijua! Mguu wa pili nao uutoe! Rudisha, mwanangu, rudisha!”

Tulirudisha mara tano. Mara ya tatu wajukuu walikuwa wanasema pamoja naye. Mara ya nne mmoja wao alisimama akaigiza mguu. Bibi alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, anajifuta kwa ncha ya khanga.

“Na hotuba, bibi?” nikamuuliza, kwa kuwa maelezo yangu hayakuwa na sehemu inayohusu hali hii.

“Ile aliandikiwa na katekista. Alisoma kama mtoto wa darasa la pili. Wala sikumbuki alisema nini.” Akaelekeza kidole kwenye skrini. “Huyo sasa ndiye mume wangu. Ndivyo alivyoongea siku zote.”

Akamwambia mpiga picha akae, aletewe mtori, supu ya ndizi na nyama. Na magimbi.

Tulipokuwa tunaaga, nilimkabidhi sidii moja. Aliizungusha mkononi, akaifunga kwenye kile kitambaa chake, akaingia jikoni. Nilimfuata. Alipanda kigoda, akanyoosha mikono, akaiweka darini juu ya mahindi ya mbegu. Moshi wa mafiga ulikuwa unapanda pale pale.

Nilifungua mdomo. Mpiga picha akanikanyaga mguu.

“Na zile nyingine mbili?” bibi akauliza akiwa bado juu ya kigoda.

“Zitakaa kwangu. Kabati la chuma, mjini. Linafungwa vizuri.”

“Haya.” Akashuka taratibu, akakung’uta mikono. “Zikiharibika, njoo uchukue hii.”