Arafa Nyuma ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya chuma nikaambiwa nisugue kutu. Hoteli ilikuwa Diani, na kutu ilikuwa ya mlingoti wa antena juu ya paa, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Mimi ni mzaliwa wa Shimba Hills. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapewa shamba huko. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu mkononi, nikitarajia kupelekwa moja kwa moja kwenye mitambo. Mhandisi Mkuu alinitazama kutoka chini, akapaza sauti: "Kijana, jua kwanza antena inasimama vipi. Hayo ya picha utayakuta." Nilisugua wiki nzima, nikimchukia kimoyomoyo.

Baadaye nilimshukuru. Chini yake nilijifunza kazi ya televisheni jinsi ilivyofanywa zamani zetu. Dishi kubwa lilipokea mawimbi ya setilaiti, risiva ikayageuza kuwa picha na sauti, kisha kipaza nguvu kikayasukuma kwenye koaksi hadi kila chumba. Koaksi ni waya mnene, wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa chuma unaouzunguka. Kila unapourefusha, picha hudhoofika, na fundi anayejua kazi husikia malalamiko ya vyumba vya mwisho kabla hayajafika mapokezi. Nyinyi mnaotazama mpira kwenye simu mkiwa mmelala chali hamwezi kujua tulivyohangaika na waya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini wageni walipungua, hoteli ikapunguza watu, nami nikawa miongoni mwao. Nikapata kazi Ukunda, katika duka lililouza na kuunganisha kompyuta. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, alitoka bara na alikuwa na haraka ya maisha. "Fundi, hizi antena zako zimepitwa," aliniambia. "Siku hizi ni network. Kompyuta inaongea na kompyuta, basi." Nikaanza upya kama mwanafunzi. Nilijifunza kuipa kila kompyuta anwani yake, yaani namba ya kutambulishwa kwa wenzake, na kukaza vizibo vya chuma kwenye ncha mbili za waya wa mtandao. Kizibo kikilegea, ishara hugonga mwisho wa waya zikarudi, zikavuruga mazungumzo yote.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ilitoka Msambweni. Ilikuwa nyumba ya marehemu Mzee Bakari, mfanyabiashara wa nazi na mbao. Mzee alikuwa ameshajiandikisha kwenda hija pamoja na mkewe, Bi Mwanasha, akaugua, akafariki kabla ya kusafiri. Mwana wao mkubwa, Hamisi, ambaye hija yake mwenyewe alikwishaitimiza miaka ya nyuma, akaondoka kwenda kumhijia baba yake. Bi Mwanasha akabaki amekaa eda, ile miezi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani, haendi matembezini wala haonani na wanaume wasiokuwa maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asioweza kuolewa nao. Ombi lake lilikuwa moja. Siku ya Arafa, mahujaji watakapokuwa wamesimama uwanjani na khatibu akiomba dua, alitaka aione na aisikie saa ile ile, aitikie amin kwa ajili ya mumewe. Aliwaambia wanawe kwamba hija ile alikuwa aende naye, na asipoishuhudia hata kwa mbali ataona kama amemwacha aende peke yake.

Televisheni ilikuwako, lakini ilikuwa ukumbini, ambako majirani wanaume walikuwa wanakuja kutazama siku hiyo. Chumbani kwa Bi Mwanasha kulikuwa na kompyuta ya bintiye Mwanatumu, mwalimu wa chuo cha uhazili, aliyehamia humo kukaa na mama yake. Waya wa mtandao ulikuwa umekwishapita ukutani tangu siku za marehemu, kuunganisha chumba kile na kompyuta ya ofisi ya Hamisi ng'ambo ya ua. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, na kuutoboa upya kungetaka wanaume washinde na patasi chumbani kwa mjane. Hapo ndipo wanawe walipopata wazo la kuipitisha televisheni kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Nilipofika nilipiga hodi, nikavuka ukumbi, nikanyoosha mkono nifunue pazia la mlango wa chumba. Sikuwa nimeambiwa habari za eda. Mzee Omari, ndugu wa marehemu na msimamizi wa nyumba, alinishika kifundo cha mkono polepole.

"Samahani mwanangu. Humu kuna mtu wa eda. Hapa kwenye pazia ndipo mwisho wako."

"Shikamoo mzee, niwie radhi. Lakini mashine iko ndani."

"Marahaba. Mashine ina mwenyewe. Wewe sema, yeye atafanya."

Nilirudi Ukunda kumweleza Mkurugenzi. Alikunja uso. "Si uingie tu, ni kazi ya dakika! Ama uchomeke waya ya antena kwa hiyo ya network, si zinafanana?" Nikamwambia zinafanana kwa sura tu, na kwamba kwenye nyumba ya watu nitafanya kwa adabu za watu. Alinuna, lakini kadi ya televisheni aliniruhusu nichukue.

Kadi hiyo, inayoifanya kompyuta ipokee televisheni, niliichomeka ndani ya kompyuta ya ofisini kwa Hamisi, nikavuta waya wa risiva hadi pale, nikatafuta idhaa ya Kiarabu iliyoonyesha Makka. Kompyuta za siku zile zilikuwa na nguvu haba, kwa hiyo niliweka programu ya kuibana picha, yaani kuipunguza uzito ipite kwenye waya bila kuuziba. Ilitoka ndogo, kama kadi ya posta, na watu walitembea kwa kushtukashtuka. Upande wa chumbani kazi yote niliifanya kwa mdomo. Nilikaa kwenye mkeka nje ya pazia, nikimwambia Mwanatumu afungue nini, aandike namba gani, abonyeze wapi. Naye alinisomea kila neno lililoandikwa kwenye kioo. Ni taabu kurekebisha kitu usichokiona, na mara mbili nilipandisha sauti. Mara ya pili sauti nyingine ikatoka ndani, nzito na ya upole: "Taratibu mwanangu. Tunakusikia." Ndivyo nilivyotambulishwa kwa Bi Mwanasha.

Jaribio la kwanza lilifaulu. Mwanatumu alicheka kwa furaha, na mama akasikika akimhimidi Mungu. Nilienda nyumbani nikijiona bingwa.

Siku ya Arafa ukumbi ulijaa tangu asubuhi, nami nikakaa mahali pangu kwenye mkeka. Khutba ilipokwisha, khatibu alinyanyua mikono, na wanaume wote wakaitikia kwa kishindo: "Amin!" Ndani ya pazia khatibu alikuwa bado anahutubia. Kompyuta inayopokea huweka kwanza akiba ya picha kabla ya kuonyesha, ili isikwame njiani, na akiba ile huichelewesha. Kwenye jaribio ukumbi ulikuwa kimya, hapakuwa na cha kulinganisha nacho. Sasa amin ya ukumbini ilikuwa inapenya chumbani kabla ya dua yenyewe.

"Fundi," Bi Mwanasha aliita. "Mbona wanaitikia dua ambayo sijaisikia?"

"Picha inachelewa kidogo mama. Niwie radhi."

Akasema, si kwa ukali, "Basi na hapa pia nimeachwa nyuma."

Maneno yale yaliniuma, nami nakiri machozi yalinilenga. Nilimwambia Mwanatumu apunguze akiba. Picha ikaganda, sauti ikakatikakatika. Nikamwambia airudishe ilivyokuwa. Hapakuwa na ujanja mwingine niliokuwa nao, wala sidhani palikuwa na fundi pwani nzima aliyekuwa nao.

Nilimwendea Mzee Omari, nikamnong'oneza jambo lilivyo. Alifikiri kidogo, akainuka, akaenda kwenye televisheni na kuzima sauti. Watu wakageuka, mmoja akaguna.

"Jamaa, mtaniwia radhi," alisema Mzee Omari. "Hija ile ni ya Bakari, na mkewe yuko humo ndani. Dua inamfikia baadaye. Tutasikiliza ya kwake, na yeye akifika, tutaitikia naye."

Hakuna aliyebisha. Ukumbi mzima ukatulia, watu wakitazama midomo ya khatibu ikienda bila sauti, huku wakitega masikio kwenye pazia. Sauti ikaja kutoka chumbani, nyembamba, ya spika ndogo za kompyuta. Dua iliyofuata ikafika mwisho. Bi Mwanasha akasema amin, na katika neno lile lile wanaume wote wakasema naye. Ikawa hivyo dua baada ya dua, hadi mwisho. Mimi ni Mkristo, lakini siku ile niliinamisha kichwa pamoja nao, na hakuna aliyenishangaa.

Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, Kwale na Mombasa, chini ya mameneja wa kila aina, mpaka macho yakaanza kunitatiza nikastaafu. Vijana wanaonitembelea hupenda kujua mtandao wangu wa kasi zaidi ulikuwa upi. Nawajibu, lakini naona wanauliza lisilo na maana kubwa. Ninaloliwaza mimi ni siku nilipokuwa nanunua soda dukani Ukunda, miezi mingi baada ya ile Arafa. Nilikuwa namwambia muuzaji arudishe chenji, na mama mmoja wa buibui aliyesimama kando akageuka ghafla.

"Sauti hiyo naijua. Wewe ndiye fundi."

Sikuwahi kumwona uso. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani. Eda ilikwisha, Hamisi alirudi salama. Nami, kwa ile tamaa ya fundi ya kusifiwa, nikamuuliza kama picha ilimridhisha siku ile, maana mimi sikuweza kuiona.

"Picha?" alisema. "Mwanangu, siku ile sikutaka kukuambia mbele ya watu, ila picha sikuiona. Macho yalijaa machozi tangu mwanzo, nikayafumba. Nilisikia tu ukumbi ulivyonyamaza, nikajua wale wanaume wote wananingoja mimi."

Aliniombea heri, akachukua mfuko wake wa sukari, akaenda zake.