Kopo la Mutobe

Ndiyo, nilikunywa. Kopo nzima, mbele ya watu wote, na chini sikuacha kitu. Kaka yangu amenuna tangu Jumamosi, anasema nimemuuza bibi yetu kwa kopo moja ya maji ya ndizi. Eti sijasamehe kitu, nimechoka tu. Bon, nimechoka, hapo hakudanganya. Lakini habari za bibi asinifundishe yeye. Yeye alikuwa internat, shule ya kulala, anakuja vakansi, anakula, anarudi. Mi ndiye nilikuwa nalala na bibi kitanda kimoja.

Kaa hapa, rafiki, nikuelezee. Cherehani itangoja, mtaa huu wa Musinzira leo hakuna mtu anaoa.

Bibi alikuwa anakaa Muyinga, mbali kidogo na mjini, nyumba ya matofali na migomba nyuma mpaka kwenye bonde. Nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi ni moshi, maharage ya jana yanapashwa, mboga ya lengalenga naichambua mi. Kabla ya kula, bibi anasema Baba Yetu kwa sauti, polepole, na mi nafuata.

Mutobe wake walikuwa wanaujua mpaka soko. Ndizi anazizika kwenye shimo lenye moto chini, anafunika na majani ya mgomba, siku nne. Zikitoka, ngozi njano, harufu inakufuata mpaka shule. Halafu tunazikanda na nyasi kali, mikono inawasha, mpaka maji yanaanza kutoka, matamu hata nyuki wanakuja kugombana na sisi. Bibi alikuwa mlokole, pombe aliiacha kabla mi sijazaliwa. Kwa hiyo mutobe wake unanywewa siku ile ile. Ukilala siku mbili tatu unajichemsha wenyewe, unakuwa pombe, na pombe kwake ilikuwa dhambi kabisa.

Sasa jirani, mama mmoja wa shamba la pembeni. Mwaka ule malaria ilinipiga, bibi akanibeba hospitali, tukakaa wiki nzima. Kurudi, tunakuta jirani ameng'oa miyenzi, ile miti ya mpaka, ameipanda upya hatua nne ndani ya shamba letu. Migomba mizuri yote iko kwake. Wazee wa kolline, wa kilima chetu, walikuja, wakapima kwa miguu, wakanywa, wakaenda. Miyenzi ikabaki pale. Bibi na yule mama wakawa hawasalimiani, hata pale pa kuchota maji.

Na mi nikaanza kusikia kitu. Kwenye Baba Yetu, ikifika pale pa kusamehe, bibi anaruka. Anapita, anaendelea na mbele. Msimu mzima wa mvua. Siku moja nikamuuliza. Akasema, "Mungu si mtoto, wewe. Siwezi kumdanganya kila asubuhi na tumbo iko njaa."

Haikupita wiki, akakamua mutobe, akajaza bidoni, lile dumu letu la maji, akanipa. "Peleka kwa jirani. Mwambie ni mi nimetuma, kesho nakuja tuongee."

Mi? Nimpelekee yule mwizi? Nilizunguka nyumba, nikaficha bidoni kwenye nyasi za mbuzi, nikarudi nasema nimepeleka. Bibi akauliza, "Amesema nini?" Nikasema hakusema kitu. Kesho yake bibi akajifunga kitenge kizuri, akafika mlangoni, akarudi kukaa. Aliogopa ile kimya ya jirani. Siku ya tatu alienda kutoa mbolea ya mbuzi, akaona bidoni. Aliniangalia tu. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Ndizi za kuiva zilikuwa zimeisha. Akaweka bidoni kichwani, akasema, "Twende. Nikingoja zingine, moyo utarudi nyuma."

Kwa jirani, bidoni ilifunguliwa, ikapumua. Povu. Wote watatu tulielewa ile ni nini. Na kwetu unajua, mwenye kuleta kinywaji ndiye anaonja kwanza, watu wajue hakuna sumu. Jirani akasimama, mikono kiunoni.

"Anza wewe, mama. Tumekosana, sindiyo? Nitajuaje umetia nini?"

Bibi akikataa, ni mchawi mwenye sumu. Akinywa, ni mlokole aliyeanguka. Alikunywa. Kopo nzima, macho amefunga. Halafu akasema, "Migomba kula, mi nimekuachia." Tukarudi.

Siku ya soko jirani alikuwa anacheka, "Mlokole wenu kwa pombe ananishinda." Kanisani wakamtoa kwenye kwaya, wakamkalisha benchi ya nyuma, Meza ya Bwana inampita mpaka Noeli. Bibi akaeleza ulikuwa mutobe uliochelewa, mchungaji akamuuliza nani aliuchelewesha. Bibi akasema, "Ni mi." Nilikuwa pembeni yake. Sikufungua mdomo.

Toka siku ile nikamchukia yule mama na roho yangu yote. Ilikuwa rahisi kuliko kujiangalia. Na pale kwenye Baba Yetu, mi ndiye nikaanza kuruka. Bibi alisikia, najua. Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka kwa jirani alikuwa ameanza kuisema tena, yote, na mi nimenyamaza.

Bibi alikufa mwaka jana. Jumamosi tulienda Muyinga kuganduka, kumaliza matanga. Jirani akaja, amezeeka, bidoni mkononi. Kaka akanishika mkono, "Usithubutu." Yule mama akamimina, akaonja yeye kwanza, akanipa kopo. Akasema kwa sauti ndogo, "Kunywa, mwanangu. Nimekamua leo asubuhi. Haukulala."

Haukulala. Kumbe alikuwa anajua, labda siku ile aliniona nikificha, kutoka upande wake wa miyenzi. Miaka yote alijua ule mwingine ulilala wapi na nani aliulaza, na hakuniuza, hata pale soko. Nikakunywa. Ulikuwa mtamu kama wa bibi.

Shimo la ndizi limejaa takataka sasa. Miyenzi imekuwa miti mikubwa, iko pale pale pasipo pake, na hatutaihamisha. Jana kanisani, hapa Gitega, Baba Yetu niliisema yote. Kaka yangu pembeni, ikafika pale pa kusamehe, nikasikia ameruka.

Na wewe, rafiki, ikifika pale unasema, ao unaruka?