Hoja ya Baba Kuhusu Nyumba Yangu

Ninafundisha falsafa katika chuo kimoja mjini Homa Bay. Kila mwaka naanza na ubishi wa Wagiriki wa kale: mmoja alidai kila kitu hubadilika, mwingine akashikilia kwamba hakuna kinachobadilika, na waliowafuata wakalazimika kutafuta njia yao katikati. Falsafa ya Magharibi imekua hivyo, kwa watu kukataana. Ndiyo maana darasani nina sharti moja: humpingi mwenzako mpaka uieleze hoja yake, naye akubali kwamba ndiyo hasa. Wanafunzi hulichukia. Mimi hujisifia sharti hilo kila mahali, hata mezani kwa baba.

Mwaka jana nilipeleka matofali nyumbani Uriri nijenge katika boma letu. Baba akakataa. Kwa desturi ya Wajaluo mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na kaka yangu, anayevua samaki kisiwani Takawiri, hajasimamisha hata nguzo. Miaka mingi hajaja nyumbani.

Nilimbana baba asubuhi nzima. Yeye ni Msabato, basi nikamuuliza desturi hiyo imeandikwa wapi katika Biblia. Akaendelea kunywa chai yake. Nasema kweli, nilifurahi. Nilidhani nimemweza mzee.

Kisha akaniambia kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kwa chifu na wageni tu:

"Si wewe hufundisha watu waseme ya mwenzao kwanza? Haya, sema yangu."

"Unaogopa chira," nikasema, ile laana ya kuvunja mwiko.

"Hapana."

"Basi unaogopa majirani wataongea."

"Hao wameongea tangu nimwoe mama yako. Hapana."

Nikakasirika. "Basi unampenda yeye kuliko mimi."

"Hapana, wuoda," akasema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo, nami nikajua nimemuumiza. "Ukijenga kabla yake, atajua tumeacha kumngoja."

Niliona haya, mimi mwenye shahada mbili, kwamba sababu hiyo haikunipitia akilini hata mara moja.

Nilitoka nje nikampigia kaka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipompigia. Nikamuuliza, bila hata salamu za kutosha, atakuja lini kujenga nyumba yake ili nami nijenge yangu.

Nikasikia akizima injini ya mashua.

"Kwani," akauliza, "bado mnaningoja?"