Mikono ya Sweta la Kijivu

Kwenye kapu langu pale sebuleni kuna kofia ya mtoto wa jirani, ambaye alizaliwa, akakua, na sasa anakimbia mtaani kichwa wazi. Kuna shali ya mwanakwaya mwenzangu, imefika nusu. Kuna soksi moja. Mume wangu huliita kapu hilo hospitali, kwa sababu, anasema, kila kinachoingia humo kinalazwa na hakuna kinachoruhusiwa kutoka. Acha aseme. Yeye amekulia Bujumbura, na watu wa Bujumbura kila kitu kwao ni utani.

Chini kabisa ya kapu, ndani ya mfuko wa kitambaa, kulikuwa na sweta la kijivu la mwanangu wa pekee, aliyekwenda Polandi kusoma. Hilo halikuwa la utani, naye alilijua, hakuligusa. Kifua kilikuwa tayari, mgongo tayari, shingo tayari. Mikono ndiyo ilikuwa imesimama kabla ya kufika mwisho, vitanzi vikiwa wazi juu ya sindano, kwa sababu mwenye mikono hayupo.

Niliyarithi haya kwa mama. Sisi tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, tukiwa wakimbizi, nchi yetu tukiisikia kwa wazazi tu. Kule asubuhi kuna baridi, na mama alikuwa akifumua masweta ya mitumba, anaufua uzi, anauanika, anatufumia upya. Kifua alikadiria kwa macho. Lakini mkono wa sweta hakuukisia hata siku moja. Alikuita, ukasimama mbele yake, ukakunja kiwiko kidogo, akaweka uzi kuanzia kwenye mfupa wa bega mpaka kifundo cha mkono, akapiga fundo. Kila mtoto alikuwa na uzi wake wa rangi yake, na nyuzi zote zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwaka ukipita unaitwa tena, fundo jipya linapigwa chini ya lile la zamani. Wangu ulikuwa wa manjano. Mama akishapiga fundo alikuwa anakushika mkono bila sababu, anaubonyeza kidogo kama anayenunua parachichi, kisha anakwambia nenda kacheze. Jamani, ningetoa nini leo nibonyezwe mkono vile!

Kwa hiyo na mimi, baada ya kurudi nchini kwetu, nyumbani kwangu hapa Kibagabaga nina msumari nyuma ya mlango, na mwanangu alikuwa na uzi wake, mwekundu. Una mafundo ya chekechea, ya shule ya msingi, mpaka alipoingia sekondari. Hapo akakataa. Kijana wa sekondari hataki kupimwa na mama yake, eti wenzake watamcheka. Fundo la mwisho nililipiga akinuna.

Siku anasafiri niliuweka uzi ule kwenye pochi. Pale uwanja wa ndege, watu wanakumbatiana, wanapiga picha, mimi nikautoa nikamwambia kunja kiwiko. "Mama, bwana!" akasema, anatazama huku na huku. "Hapa? Nikirudi likizo utanipima." Akanikumbatia haraka, akaenda. Nikarudi nyumbani na uzi wangu kwenye pochi.

Nilianza sweta wiki ileile. Rangi alinichagulia yule mama Mkongomani anayeuza uzi sokoni. Nilimwambia nataka rangi isiyochafuka upesi, akaniambia, "Mama, chukua hii kijivu, iko muzuri kwa mwanaume," na nikaona ni kweli. Mikono niliifuma mpaka kwenye fundo la mwisho, lile la kununa, nikaishia hapo. Kilichobaki atakuja kupimwa.

Likizo ya kwanza alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala. Likizo iliyofuata sijui kulikuwa na nini, mtihani nadhani. Akamaliza masomo, akapata kazi, ikawa habari ya karatasi za kuishi kule, kwamba akitoka kabla hazijakamilika zinaharibika. Kila akipiga simu ni "mwakani, Mama." Nami namjibu, "Haya, hamna shida, sweta lipo." Mume wangu alikuwa ananisikiliza tu. Siku moja akaniuliza, "Sasa wewe, kwa nini usimwambie tu kwamba umemkumbuka, arudi?"

"Mimi simwombi mtu arudi kwao," nikamjibu.

"Haya, endelea kumwambia habari za mikono."

Nikamwacha. Nilikuwa na kiburi, na kiburi changu kilikuwa kinalindwa na sindano mbili. Ukifuma hakuna anayekuuliza unawaza nini. Mvua ya Aprili ikishuka, ukungu ukafunika mlima wa ng'ambo, mimi nakaa dirishani na chai yangu ya maziwa, vidole vinakwenda vyenyewe, na moyo unaacha kupiga kelele. Nilifuma kwenye benchi pale hospitali mume wangu alipokuwa anapimwa presha. Nilifuma kwenye mikutano ya kijiji baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, jembe limelala miguuni. Kitu kinarefuka mikononi mwako, basi siku haikupotea bure. Lakini sweta la kijivu nililitoa siku za Jumapili tu, nalikunjua, nalinusa, nahesabu vitanzi nione havijatoka, nalirudisha.

Mwaka jana akapiga simu, sauti ina kicheko. "Mama, kuna dada tuliyesoma naye, anakuja nyumbani kwa harusi ya kaka yake. Kwao ni Gahanga. Nimekutumia kitu ambacho umekitaka siku zote. Ukachukue mwenyewe, usimtume Papa."

Nikakata simu, nikakaa. Kitu ambacho nimekitaka siku zote! Na kwa nini mimi mwenyewe? Siku hizi vijana wana mtindo wao, anarudi bila kusema, anajificha nyuma ya pazia, mwenzake anashika simu anarekodi mama anavyoanguka kwa furaha. Jirani yangu walimfanyia hivyo, akavunja sahani. Nikajua. Nikamwambia mume wangu, "Mtoto yuko Gahanga." Akanitazama. "Nani kasema?" Hakuna aliyesema. Nilioga, nikavaa umushanana, vazi letu la sherehe, nikatia sweta na sindano zake kwenye mfuko, nikapanda moto, pikipiki ya abiria. Dereva aliniuliza kama ni mimi mama wa bwana harusi.

Gahanga ile ya mashamba bado ipo, ila nyumba mpya zimeota katikati ya mahindi. Yule binti alinipokea getini kwa mikono miwili, mtoto mwenye adabu, akanikaribisha sebuleni. Nami nakaa, namjibu habari za nyumbani, macho yangu yako kwenye pazia. Kuna mlango wa korido ulikuwa wazi kidogo. Nikautazama mpaka akatoka bibi yake na trei ya fanta.

Basi binti akaleta bahasha. Ilikuwa nyepesi. Nikaifungua, na ndani kulikuwa na uzi wa bluu umekunjwa vizuri, una fundo huku na fundo kule.

"Alinifanya mimi nimpime," binti akasema, anacheka. "Kutoka hapa kwenye mfupa mpaka hapa. Tulirudia mara kadhaa, alisema Mama atakasirika tukikosea. Anasema sasa unaweza kulimaliza."

Nikaelewa palepale. Anayekuja hatumi uzi. Huyu hakuwa na mpango wa kuja, si mwakani wala mwaka unaofuata, na kwa upole wake wote alikuwa ananiambia nisingoje. Nikamwambia binti asante, amekuwa mtoto wa maana. Nikatoa sweta kwenye mfuko ili nisilie mbele za watu, nikalaza uzi juu ya mkono wa sweta. Uzi ukapita pale nilipoishia, ukaendelea. Kiganja kizima. Kiganja kizima cha mwanangu kimeota mahali ambapo sikuwepo. Hapo nikalia, tena kwa sauti, na umushanana wangu wote. Bibi wa watu akaja kukaa karibu yangu, akanishika goti, anasema tu "ihangane, mwana wanjye," vumilia, mwanangu, wala hakuuliza kitu.

Nililimaliza. Ningefanya nini? Nilifuma kile kiganja mkono wa kulia, nikafuma wa kushoto, nikafunga vitanzi, nikakata uzi. Binti akalibeba aliporudi. Mwanangu akapiga simu ya video amelivaa, akakunja kiwiko bila kuambiwa, na ukingo ulikaa pale hasa penye kifundo. Baba yake akapiga makofi. Nami nilifurahi, sisemi uongo. Ila simu ilipokatika nilikwenda kwenye kapu, nikatia mkono chini kabisa, nikakuta mfuko wa kitambaa umelala mtupu.

Wiki hiyohiyo nilinunua uzi mwingine, wa kijani. Nikafuma mgongo, nikafuma kifua, nikafuma shingo. Mikono nikaifikisha nilipotaka, nikaacha vitanzi wazi. Mume wangu aliona, akanisogezea mfuko wa kitambaa bila utani wowote.

Juzi mwanangu kapiga simu. Nikamwambia kuna sweta jingine, limebaki mikono.

"Si uzi unao, Mama? Nilikutumia."

"Umepotea," nikasema. Nyuzi zote mbili, mwekundu na wa bluu, zilikuwa kwenye msumari mbele ya macho yangu. Mume wangu alizitazama, akanitazama mimi.

"Haina neno," mtoto akasema. "Nitakutumia mwingine."

"Usitume," nikamwambia. "Njoo wewe."