Mstari wa Saa Saba

Mimi ni mtu wa haraka tangu tumboni. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono. Kwenye biashara ya mpakani haraka hiyo ilinifaa. Nilikuwa nauza vitenge Tunduma, wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na mzigo ukikwama kwenye foleni ya malori nilikwenda mwenyewe kumsemesha dereva mpaka ajute kunifahamu. Majirani zangu wa Chapwa, nilikoolewa, walikuwa wakisema yule mama wa Tabora siku akifa atalitangulia jeneza. Nilicheka nao.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mjinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na haraka, kisha nikawa mwoga, na la pili ndilo lililoniharibia mtoto.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka sita. Homa ilimshika siku mbili, ya tatu akaanza kuweweseka na kutapika hata maji. Nikamfunga mgongoni, mbio hadi kituo kimoja cha afya cha upande wetu ambacho sitakitaja. Wakampima damu, wakasema malaria kali, alazwe. Miaka ile dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini, inatiwa kwenye chupa ya dripu na kuingia mwilini polepole kwa saa nne.

Asubuhi ile nesi alikuwa mmoja, wodi yake na chumba cha kuzalishia chake. Mama mmoja mrefu wa Kinyiha, kazi anaijua, ulimi wake wembe. Alimchoma mtoto sindano ya mshipa, akatundika chupa, akabandika utepe wa plasta ubavuni mwa chupa kutoka juu hadi chini. Kwenye plasta akachora mistari kwa kalamu na kuandika saa: juu kabisa saa nne, chini kabisa saa nane.

"Maji yatashuka na saa," akaniambia. "Saa tano yawe hapa, saa sita hapa. Yakipita mstari au yakichelewa, niite. Usiguse."

Kwa nini nisiguse hakusema, na mimi sikuuliza. Kabla ya hapo alikuwa amemgombeza mama wa kitanda cha pili kwa kumpa mwanawe uji wakati hakutakiwa kula. Alimwambia mbele ya wodi nzima, "Unataka umuue mwenyewe, halafu mseme manesi wabaya?" Watu wakacheka. Yule mama akajifunika khanga akalia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, Mungu anisamehe.

Saa tano mkono wa mtoto ukavimba. Sindano ilikuwa imetoka kwenye mshipa. Nesi akaifunga dripu, na kabla hajatafuta mshipa mwingine akaitwa kwa mama aliyekuwa anajifungua. Aliporudi na kumchoma mkono wa pili, saa nzima ilikuwa imepita bila tone kuingia. Akafungua dripu, akayahesabu matone huku akitazama saa yake, akaondoka mbio. Mistari kwenye plasta ilibaki ileile.

Saa ya ukutani ilipogonga saa saba, maji yalikuwa bado kwenye mstari wa saa sita. Nikafanya nilivyoambiwa. Nikaenda mlangoni kwa wazazi nikaita. "Nakuja, mama," akajibu kutoka ndani. Nikarudi, nikakaa, nikaenda tena. "Nimesema nakuja!" Ndani mwanamke alikuwa analia kwa uchungu, hata mimi nilisikia kwamba nesi hana pa kuniweka.

Basi nikarudi kitandani nikaitazama ile chupa. Matone yanadondoka kama mtu asiye na shida na mtu. Akilini mwangu dawa ya mwanangu ilikuwa imekwama njiani kama mzigo kwenye foleni, na kila dakika malaria inamla. Kwenye mpira wa dripu kuna kigurudumu kidogo. Nilikuwa nimemwona nesi akikizungusha. Nikakisukuma kwa kidole gumba, matone yakawa mchirizi. Nikasimama palepale nikiyatazama maji yakishuka, na yalipofika mstari wa saa saba nikakirudisha kigurudumu kama nilivyokikuta. Kwa kweli nilijiona mtu wa maana.

Nesi alikuja baadaye kidogo, jasho linamtoka. Akatazama saa, akatazama mstari. Saa saba na maji saa saba.

"Umeangalia vizuri, mama," akasema. "Wengine huwa wanalala."

Sifa ile ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Kumbe alikuwa amechoka mno kukumbuka kwamba tulipoteza saa nzima, na kwamba maji hayakupaswa kuwa pale.

Haikuchukua muda mtoto akaanza kutoka jasho la baridi. Akatapika. Mikono ikapoa kabisa. Akafumbua macho akaniuliza, "Mama, mbona kuna nyuki?" Nikamwambia hakuna nyuki, mwanangu. Akajiziba masikio kwa mikono yote miwili akalia nyuki hao wamtoke. Nesi akamkimbilia daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima mapigo ya moyo muda mrefu, akaitazama chupa, kisha akauliza, "Dripu ilikwenda vizuri? Kuna mtu aliigusa?"

Wodi yote ilikuwa inatusikiliza. Mama wa kitanda cha pili alikuwa ananitazama, macho yake bado mekundu. Mimi mwenye mdomo usio na breki, niliyegombana na madereva wa nchi tatu, niliogopa kugombezwa na nesi.

"Sijagusa," nikasema.

Nesi akautazama mkono wa mtoto uliovimba. Akaitazama plasta. Hapo ndipo nilipomwona anakumbuka. Akainama karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Mama, hukugusa kweli?"

"Sijagusa, sista."

Alinipa nafasi na sikuichukua. Naye hakusema neno juu ya ile saa moja. Nadhani na yeye aliogopa. Daktari akatazama mstari akaona kila kitu kiko mahali pake, akasema basi ni malaria imepanda kichwani, tuendelee na dawa, na chupa ya pili itundikwe kwa wakati wake. Saa kumi na mbili jioni ikatundikwa. Niliishika miguu ya mwanangu nikiitazama ikiingia tone kwa tone, na nilikuwa bado na uwezo wa kusema.

Alipona. Siku ya tatu homa ilikwisha, akakaa kitandani akala wali. Nilitoka kuosha vyombo, niliporudi nikamwita nikiwa nyuma yake. Hakugeuka. Nikaita tena. Nikagonga sufuria kwa kijiko mpaka wagonjwa wengine wakanung'unika. Aliendelea kula.

Walituambia kwinini huziba masikio kwa siku chache, yatafunguka. Hayakufunguka. Daktari wa masikio katika hospitali kubwa tuliyopelekwa alimweleza mume wangu kwamba huenda dawa iliingia nyingi kwa mara moja, kisha ikaongezwa nyingine mwili ukiwa bado haujamaliza ya kwanza. Laiti wangejua mapema, alisema, wangesubiri. Mume wangu alitoka pale kwa hasira. Akaenda kumshtaki nesi. Nilikwenda naye, nikakaa kwenye kiti kando yake, nikaitikia kwa kichwa.

Nesi alihamishwa, akapelekwa zahanati ya mbali huko Momba, upande wa Ndalambo. Kabla hajaondoka tulikutana sokoni. Nilitaka kupita njia nyingine akawahi kunisalimia.

"Mtoto anaendeleaje, mama?"

"Anaendelea."

Alinitazama kidogo, akachukua kikapu chake akaenda. Naamini alijua. Afadhali angenitukana.

Miaka ikapita. Kwa kuwa najulikana kwa kusema, wananchi wakanichagua kwenye kamati ya kituo kilekile cha afya. Siku moja mganga mfawidhi mpya alitueleza kwamba anataka makosa yasemwe. Mhudumu au ndugu wa mgonjwa akikosea aseme papo hapo, hatagombezwa mtu, maana kosa likisemwa mapema linatibika. Mficha maradhi kilio humuumbua, akasema. Kisha akatoa mfano: palikuwa na nesi hapa zamani, alimwachia mtoto dripu ya kwinini ikaenda mbio, mtoto akawa kiziwi. Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akasema manesi wengine hawana utu. Mimi nilikuwa na soda mkononi, na niliinywa mpaka ikaisha.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Binti yangu sasa ni fundi cherehani, ana wateja wake, maneno anayasoma kwenye midomo ya watu. Alikuwa kibarazani anashona, amenipa mgongo. Nikasimama mlangoni nyuma yake nikaanza kusema. Nilisema kigurudumu, nilisema mstari, nilisema nesi alivyoniuliza mara mbili. Nilimwomba msamaha kwa sauti, jirani angepita angesikia. Yeye alikuwa anakanyaga cherehani, kitambaa kinakwenda.

Uzi ulikatika. Akageuka kutafuta mkasi, akaniona machozi yananitoka, mdomo wangu bado uko wazi. Akanitazama midomoni, kama anavyofanya kwa kila mtu.

"Mama," akauliza kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "umesema nini?"

Nikamjibu polepole, ili asome vizuri.

"Sijasema kitu."