Mheshimiwa Alipopalilia Mpunga Wangu

Hivi ninyi mshawahi kumwona mtu mzima, kavaa suti, anang'oa mpunga na kuacha magugu? Mimi nimemwona, tena shambani kwangu!

Mtu huyo alinifundisha darasa la kwanza na la pili pale Kilosa, Magomeni. Kufundisha kwenyewe! Asubuhi a-e-i-o-u mara mbili tatu, halafu twendeni tukalime shamba lake. Yeye kwenye kiti, fimbo mapajani, anapiga miayo. Mimi nikatolewa shule, nikaolewa Mikumi. Yeye uhuru ulipokuja akaingia siasa, akapanda, akapanda, mpaka akawa mkubwa huko mkoani. Mdomo alikuwa nao, hilo simnyimi.

Vilipokuja vijiji vya ujamaa, tukahamishiwa kando ya barabara. Nikapata jaruba moja la mpunga, la kulishia watoto wanne. Basi siku moja mwalimu yule kaja na Landrova na mpiga picha, kutufundisha kilimo. Sisi! Wakachagua jaruba langu kwa kuwa liko karibu na barabara, asichafue viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Siku hizi ni mheshimiwa."

Haya. Akakunja suruali, akainama, akang'oa. Naona mizizi ya mpunga wangu inaning'inia! Gugu lile linafanana na mpunga, lakini shina lake lina wekundu kwa chini, mtoto wa miaka sita anajua. Yeye shamba alilijulia kitini.

"Mwalimu, huo ndio mpunga!"

"Mama, nyamaza. Hiki kilimo cha kisasa."

Na watu wanapiga makofi! Wa kwanza mwenyekiti wetu wa kijiji, mkulima mzima yule. Nusu jaruba likaisha. Wakapiga picha, wakaenda kula kuku. Mimi nikabaki matopeni narudishia miche, mingi imeshakatika. Mwaka ule tulikula maboga mpaka watoto wakiliona boga wanalia.

Walipomzika mheshimiwa wakasema aliwapenda wakulima. Nilijifunika kanga nikacheka.

Sasa mjukuu wangu naye mwalimu. Juzi kaja, eti anataka udiwani.

"Mume wangu," nikamwambia, "kura yangu huipati. Mwalimu mmoja kanitosha."

Kacheka huyo, kavua viatu. "Bibi, fomu sichukui mpaka nimalize kupalilia jaruba lako, peke yangu. Nikikung'olea shina moja tu la mpunga, nabaki na chaki yangu."